Jinsi Nilivyojifunza Kutia Zege Rangi ya Pili

Vijana mnaofanya kazi hii sasa mnaniuliza vipimo. Unga wa rangi vijiko vingapi kwa ndoo ya maji? Tungoje siku ngapi kabla ya kuosha? Nawaelewa, maana hata mimi nilianza kwa kuuliza hivyo hivyo. Vipimo nitavitaja, mkivumilia maneno ya mama mwenye magoti mabovu. Ila mjue mapema kwamba siku niliyofuata kipimo bila kuangalia chini ndiyo siku niliyoharibu ua wa watu kule Bugarama, na harusi ilikuwa imebaki siku tano.

Kwa asiyeijua kazi yetu: tunamwaga zege, tunalisawazisha, na kabla halijawa gumu tunalichapa kwa mikeka mizito ya mpira yenye sura ya mawe. Ukiinua mkeka unakuta mawe yamejichora chini, na mifereji midogo kati ya jiwe na jiwe. Rangi ya kwanza inakuwa ndani ya zege lenyewe, au inanyunyizwa juu likiwa bado bichi. Lakini ukiacha hapo, ua wako unafanana na biskuti kubwa. Ndipo inakuja rangi ya pili, iliyokoza kuliko ile ya kwanza. Inaingia kwenye mifereji, inalala kwenye vishimo, inagusa jiwe moja hapa na jingine kule. Hiyo ndiyo inayomfanya mgeni ainame aguse kwa mkono ahakikishe. Mimi nimelea watoto wawili kwa rangi ya pili.

Sikuanza na zege. Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu wakiwa Wanyarwanda, na huko ndiko nilikojifunza kutia vitambaa rangi, kufunga mafundo, kuchovya na kugusisha rangi kwa sponji. Tuliporudi Rwanda niliendelea na kazi hiyo hapa Kamembe. Asubuhi moja nilikuwa nashuka kuelekea ziwani na vitambaa vyangu kichwani, nikakuta mafundi wamekaa juu ya mifuko ya simenti wanatazama njia waliyokuwa wamemaliza kuichapa mbele ya nyumba ya wageni. Walikuwa wameshika tama kama watu waliofiwa. Mkubwa wao alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, na jua lote lile. Akaniona nimesimama.

“Maman, uko naangalia nini?”

“Naangalia kitambaa chenye kimechovywa mara moja tu,” nikasema.

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, “Kinakosa nini?”

“Rangi ni moja. Hakina kivuli.”

Akaitazama njia yake muda mrefu, kisha akanitazama mimi. “Kesho kuya na eponji yako.”

Huyo alikuwa Papa Bahati, mtu wa kabila la Bashi kutoka Bukavu, aliyekuwa akivuka mpaka kwa miguu kila Jumatatu na kurudi kwake Jumamosi. Kuchapa zege alijifunza Bujumbura. Zege lake halikuwahi kupasuka mahali ambapo hakutaka lipasuke, lakini rangi ilimshinda, na alikuwa anajua. Nimefanya kazi na mafundi wengi tangu hapo. Wanaojua kinachowashinda na kukisema mbele ya mama anayepita na mzigo kichwani, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Msidhani kesho yake alinipa rangi. Alinipeleka Giheke. Kulikuwa na njia fulani mbele ya kanisa, imechapwa vizuri, lakini juu yake kulikuwa na weupe kama uji uliomwagika ukakauka. Mama mmoja aliyekuwa anafagia pale akamwona Papa Bahati, akaweka ufagio chini.

“Papa Bahati! Umeleta tena muntu aone aibu yako?”

“Nimemuleta,” akajibu, kisha akanigeukia. “Hii ni kazi yangu mimi mwenyewe. Nilipaka verni, na beto ilikuwa ingali na mayi ndani. Mayi ikatafuta njia ya kutoka, ikakosa. Njo maana iko nyeupe hivi. Hakuna muntu alinikimbiza. Haraka ilikuwa yangu.”

Beto kwao ndilo zege, na verni ni vanishi, ile tunayopaka mwisho kabisa kulikinga na kuling'arisha. Kumbe kila mfanyakazi mpya alimpeleka pale kwanza. Mafundi wengine wanakupeleka kwenye kazi yao nzuri kuliko zote, urudi unawaogopa. Yeye alikupeleka kwenye kazi yake mbaya, urudi unaogopa verni. Siku ile ndipo nilipojifunza jambo ambalo hata sasa nawaambia: kabla ya kupaka verni, chukua kipande cha plastiki kiasi cha sahani mbili, kibandike juu ya zege kwa utepe pande zote, kiache hadi kesho. Asubuhi ukikuta jasho ndani yake, rudi nyumbani. Usibishane na jasho.

Baada ya Giheke akanipeleka mtoni, Ruhwa, kule chini karibu na mpaka wa Burundi. Tulikaa kwenye ukingo tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani. Kazi aliyonipa ilikuwa kuchukua jiwe kavu, kulitazama, kulitia majini, kulitazama tena. Mimi nilifikiri mtu huyu ana wazimu. Kwa jiwe la ishirini hivi nikaanza kuona. Jiwe kavu linaficha rangi yake, likilowa linaitoa yote. Na verni inafanya hivyo hivyo: inalilowesha zege moja kwa moja. Kwa hiyo ukitaka kujua rangi yako itakuwaje baada ya verni, mwaga maji kidogo pale chini utazame haraka kabla hayajakauka. Ikikupendeza ikiwa kavu, imeshazidi.

Nikaona jambo lingine pia. Mawe ya mtoni hayapangani kwa zamu. Huoni jeusi, jekundu, jeusi, jekundu, kama nguo ya shule. Unaona mekundu mawili yamekaa pamoja, halafu hatua kumi hakuna jekundu hata moja. Nilipomwambia Papa Bahati akavua kofia yake ya sufu, akajikuna kichwa, akasema, “Voilà,” yaani ndivyo hivyo. Hizo ndizo zilikuwa pongezi zake. Neno refu kuliko hilo lilimchukua miaka.

Sasa nifike Bugarama.

Maman Vestine alikuwa mjane, anafanya biashara ya mchele, na sauti yake ilikuwa inapita juu ya kelele za mashine za kukoboa. Binti yake, Vestine, alikuwa anaolewa, na sherehe ilikuwa ifanyike nyumbani, kwenye ua wa mbele. Kabla ya hapo ua ulikuwa udongo mtupu, na Bugarama mvua ikinyesha udongo unakula viatu. Maman Vestine alikuwa amesema wakwe zake hawatamtoa binti yake nyumbani wakiwa na matope kwenye soksi. Papa Bahati akamwaga zege na kulichapa, rangi ya kwanza ikawa ya mchanga, ikatoka nzuri sana. Ilibaki rangi ya pili na verni. Kisha tumbo likamshika, wakampeleka hospitali Bukavu, wakampasua. Akanitumia ujumbe: Maman Aline, enda umalize weye.

Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka miwili. Nilikuwa sijawahi kusimama kwenye ua peke yangu.

Jumatatu nilichelewa kupata gari kutoka Kamembe. Nilifika saa tano. Mnaojua Bugarama mnajua saa tano ya Bugarama ni nini. Joto linatoka juu na chini. Nikachanganya unga wa rangi ya kahawa iliyoungua, vijiko vinne vikubwa kwa ndoo ndogo ya maji, kipimo kile kile tulichozoea Kamembe kwenye baridi ya ziwa. Nikajaza bomba la kupulizia, lile la wakulima wa kahawa, nikaanza kupuliza.

Zege likanywa ile rangi kama mtu aliyetoka jangwani. Kwa kawaida unapuliza, rangi inasimama juu kidogo, unaisambaza kwa sponji, inateremka yenyewe kwenye mifereji. Pale haikusimama hata kidogo. Ilipoanguka ndipo ilipokauka, na michirizi yake, na alama za miguu yangu mwenyewe. Nikaona mstari mweusi mahali nilipopumzika. Nikasema nitaufunika, nikaongeza rangi. Mstari ukawa miwili. Nikaongeza tena. Mkiona mtu anaficha kosa kwa kuongeza rangi, mshikeni mkono, maana mwenyewe hawezi tena kujishika.

Saa saba ua mzima ulikuwa kama jiko la kuni ambalo halijafagiliwa mwaka mzima. Ndipo nikafanya ujinga mkubwa zaidi. Nikachukua burashi ya chuma, nikapiga magoti karibu na mlango, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Nyeusi ikatoka. Lakini ile rangi nzuri ya mchanga ya Papa Bahati ikatoka nayo, nikaona simenti ya kijivu inanitazama. Nilikuwa nimeshajeruhi mawe matatu kabla mkono wangu haujasimama.

Nitawaambia ukweli: nilifikiri kuondoka. Maman Vestine alikuwa kwenye mashine zake, binti yake alikuwa kwa mshonaji, hapakuwa na mtu. Bomba langu lilikuwa jepesi na barabara ilikuwa pale. Nilisimama hata nikafunga ndoo. Kisha nikamfikiria mama wa Giheke na ufagio wake, jinsi alivyomsalimu Papa Bahati kwa jina. Mtu aliyekimbia hasalimiwi kwa jina. Nikapiga simu Bukavu.

“Papa Bahati, nimeharibu.”

“Umeharibu nini?” Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mgonjwa.

“Ua yote. Iko nyeusi kama jikoni.”

“Umeshapaka verni?”

“Apana.”

“Aksanti Mungu. Basi haiyaharibika. Iko tu na uchafu.” Akapumua. “Ulisugua?”

Niliitazama burashi pale chini.

“Maman Aline. Ulisugua na burashi ya chuma?”

“Ndiyo.”

“Mawe ngapi?”

“Matatu.”

“Bon. Tatu si mingi. Sikia. Ile rangi iko tu juu, haina kitu cha kuishikilia. Osha na sabuni na ufagio ya majani, pole pole, kipande kwa kipande. Kisha usirudie rangi na jua. Fanya asubuhi mapema. Na mbele ya kutia rangi, lowesha beto kwanza. Beto yenye imekunywa mayi haina tena kiu ya rangi. Na rangi, gawa mara mbili.”

“Vijiko viwili?”

“Anza na viwili, uangalie. Usiniulize mi niko kitandani. Uliza chini.”

Simu ikachukuliwa na mtu mwingine. Alikuwa mke wake, Maman Bahati. “Maman Aline, dokta amekataza aongee. Mais nikuambie kitu: anacheka. Tangu bamupasue hajacheka. Anashika kidonda na anacheka.”

Sikuwa na hakika kama nifurahi. Nikaenda kwenye mashine za mchele kumtafuta Maman Vestine. Nilimkuta ana vumbi la pumba mpaka kwenye kope. Nikamwambia neno kwa neno, pamoja na burashi ya chuma, pamoja na mawe matatu. Akatembea mbele yangu mpaka nyumbani, akasimama getini pa ua wake.

“Yezu we!” akasema.

Kisha akainama, akasugua weusi kwa kidole, akakitazama kidole.

“Inatoka?”

“Inatoka. Isipokuwa pale mlangoni.”

“Harusi iko Samedi.”

“Najua, Maman. Jumamosi.”

“Sasa uko nalia ju ya nini? Mayi iko, sabuni iko. Unakosa nini?”

Nikafuta uso. “Nakosa kivuli.”

Akacheka kicheko ambacho nadhani walikisikia Burundi. “Kivuli! Bugarama!” Lakini Jumanne asubuhi alikuja na wanawake wanne wa mashineni wamebeba yale maturubai makubwa wanayoanikia mpunga. Wakayafunga kwenye nguzo za nyumba na kwenye miti ya uzio, ua wote ukawa chini ya hema la buluu. Halafu wakashika mafagio. Mimi nilikuwa nimetegemea kuosha siku mbili. Tulimaliza kabla ya chakula cha mchana, wakiimba na kunitania. Mmoja akaniuliza kama Kamembe ndivyo tunavyopaka nyumba rangi, kwa kuzichoma kwanza.

Jumatano, kulipopambazuka tu, nililowesha zege, nikangoja maji yaliyosimama yaondoke na kubaki unyevu tu, kama kivuli, nikaanza na vijiko viwili. Nilipuliza kipande kidogo, nikaweka bomba chini, nikatazama. Rangi ikasimama. Ikafikiri. Ikateremka kwenye mifereji polepole, na migongo ya mawe ikabaki na rangi ya mchanga, na ukungu mwembamba tu juu yake. Sponji yangu nilikuwa naibana ibaki nusu kavu, naigusisha bila kuiburuta, naigeuza mkononi kila mara ili alama yake isijirudie. Hayo ndiyo maarifa yote ya sponji, vijana. Kuburuta ni kwa anayeosha meza.

Yalibaki yale matatu mlangoni. Kijivu hakikubali ukungu, kinataka rangi yenyewe. Nikachukua nyekundu iliyofifia, kama udongo wa Nkungu baada ya mvua, nikachanganya na kahawa kidogo, nikaifunga kwa verni nyembamba ili ishike, nikayapaka kwa mkono, tabaka tatu nyepesi. Yakatoka mazuri. Yakatoka mazuri mno, yakawa yanapiga kelele pale mlangoni. Nilizunguka nikiyatazama, sikujua la kufanya.

Maman Vestine akatoka na chai. Akasimama nami. Akasema, “Hizi tatu zinakaa kama bageni benye hakuna muntu anabajua hapa. Batafutie bandugu.”

Nikamtazama. Yeye alidhani ametania. Nikachukua brashi kuyatafutia ndugu, nikaenda mpaka kwenye geti, nikapaka jiwe moja jekundu. Mawili mengine yakagusana chini ya ukuta, kama nilivyoyaona mtoni. Moja katikati, lililofifia zaidi. Mengine upande wa jikoni, kisha nafasi kubwa bila jekundu lolote. Nilipomaliza nilirudi mlangoni, na yale matatu yalikuwa yamenyamaza. Mtu asiyejua angeapa kwamba ndivyo ilivyopangwa tangu siku ya kwanza.

Alhamisi nilibandika plastiki. Ijumaa asubuhi nikaifunua. Kavu. Nikapaka verni tabaka mbili nyembamba chini ya hema, na Maman Vestine akamfunga mbwa ndani ya stoo ya mchele siku nzima ili asituachie sahihi yake.

Jumamosi maturubai yalikuwa yamefunguliwa, nami nikakaribishwa. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, niwe tayari kutoka ikibidi. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekaribia getini, mvua ikashuka, ile ya Bugarama isiyotoa taarifa. Watu wakapiga kelele, viti vikakimbizwa chini ya paa. Kwa dakika kumi tulitazama maji yakipiga ua. Kisha ikakatika, jua likatoka, na mimi nikasimama bila kujua kwamba nimesimama. Ua ulikuwa umelowa wote. Kila jiwe lilikuwa limetoa rangi yake, mifereji imekoza, mekundu yanawaka hapa na pale. Nilikuwa nimeupaka mimi, na nilikuwa sijauona.

Wakwe wakaingia. Mbele yao alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee kutoka Nkungu, mwenye fimbo. Hatua tatu akasimama. Akagonga jiwe kwa fimbo. Akagonga jingine. Akainama, akaingiza kucha kwenye mfereji, akajaribu kulinyanyua jiwe. Nyuma yake msafara wote ukasimama, akina mama na vikapu vyao, hakuna anayeweza kupita.

“Haya mawe,” akasema, “mliyatoa mto gani?”

Maman Vestine hakungoja msemaji wa familia ajibu. “Muulize ule mama yuko pale kwa masufuria! Aliharibu ua yangu Lundi, akaitengeneza Mercredi. Maman Aline, kuya hapa!”

Nikaja mbele na kitambaa cha jikoni begani, Jumatatu yangu na Jumatano yangu zimeshatangazwa mbele ya wakwe. Mzee alitaka kujua kila kitu. Harusi ilichelewa kidogo kwa sababu ya zege, na bibi harusi aliniambia baadaye kwamba alikuwa dirishani anacheka mpaka poda ikamharibika usoni.

Namshukuru sana Maman Vestine. Angeweza kunitukana siku ile ya Jumatatu na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kukaa kimya Jumamosi na kuchukua sifa za ua wake. Hakufanya hata moja. Kazi zangu za mwaka uliofuata karibu zote zilitoka kwa watu waliokuwa wamekwama getini nyuma ya yule mzee.

Papa Bahati alipopona alikuja kuutazama. Alitembea ua wote mara mbili, mikono nyuma, kofia ya sufu kichwani. Akafika mlangoni, akayatazama yale matatu, akayafuata mengine kwa macho mpaka getini.

“Haya mekundu hatukuyapanga,” akasema.

“Hatukuyapanga.”

“Natafuta mahali pa kurekebisha,” akasema. “Nakosa.” Na tangu siku hiyo hakugusa tena sponji. Mteja akimuuliza habari ya rangi alikuwa ananyoosha kidole kwangu, hata kama mteja ni mtu mkubwa aliyekuja na dereva.

Kazi imebadilika tangu wakati huo. Sasa kuna rangi za maji zinazokuja tayari kutoka Kigali, zinashika zenyewe, hazihitaji unga wala kijiko. Mnatazama kwenye simu jinsi watu wa mbali wanavyofanya. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani ilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye mkate, na leso mfukoni ikibaki ya rangi ya kazi ya jana. Kama rangi hizi zingekuwepo siku ile Bugarama, zingeshika palepale, nisingeweza kuziosha, na leo ningekuwa nauza vitambaa. Kwa hiyo mjaribu kwanza pembeni, mahali patakapofunikwa na chungu cha maua. Anzeni na nyepesi. Kuongeza mtaongeza wakati wowote.

Jambo la mwisho, kisha niwaache.

Papa Bahati alifariki akiwa mzee, nyumbani kwake, mchana, akiwa amejilaza baada ya chakula. Nilivuka mpaka kwa mazishi. Siku iliyofuata, watu walipopungua, Maman Bahati akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Miaka yote nilipowatembelea nilikuwa nakaa chumba cha mbele, nakunywa chai, natazama saa kwa sababu ya mpaka kufungwa. Nyuma sikuwahi kufika.

Kulikuwa na ua mdogo, umechapwa mawe, kazi safi isiyo na ufa. Rangi ya mchanga tu, imefifia kwa mvua nyingi. Mifereji mitupu.

“Alifanya hii siku gani?” nikauliza.

“Ule mwaka walimupasua. Alipopata nguvu tu.”

“Na rangi ya pili?”

“Nilimuuliza kila mwaka. Alisema, mi niko muntu wa beto. Rangi ni ya Maman Aline. Siku atakuya bila haraka, atatia.”

“Ju ya nini hakuniambia?”

“Alisema uko na kazi mingi.”

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, yeye akakaa kando yangu, tukautazama ule ua mpaka wakamwita ndani.

Wiki iliyofuata nilirudi na bomba, ndoo na sponji zangu. Sikuangalia saa. Niliosha siku ya kwanza, nikalala kwao. Siku ya pili nililowesha, nikamwita Maman Bahati achague, akachagua kahawa nyepesi, na nyekundu kidogo upande wa mlango wa jikoni, kwa sababu ndiko alikokaa mume wake jioni akivua viatu. Nilifanya jiwe kwa jiwe. Nadhani sijawahi kufanya kazi polepole kiasi kile maisha yangu yote. Tukangoja siku za kukauka, nikafunua plastiki, nikapaka verni.

Ilipokauka nikamwita. Akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kitenge chake, akavua malapa, akapita juu ya ua miguu mitupu, kutoka mlangoni mpaka kwenye uzio na kurudi. Kisha akavaa malapa yake.

“Sasa kuya ndani,” akaniambia, “chakula iko tayari, na leo utakula mpaka umalize.”